Kufuli la Baba Yako na Ufunguo wa Pili

Siku ambayo baba yako alinunua kufuli kubwa kuliko ngumi yake naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu tulikuwa pamoja na mimi ndiye niliyelibeba hadi nyumbani. Nimeikumbuka zaidi wiki hii, tangu uliponipigia simu kuniambia kwamba wezi wamekuingilia huko Yamumbi, wakakata kufuli la banda la kuku na kuondoka na kuku waliokuwa ndiyo kwanza wameanza kutaga. Pole sana, Kiprop. Najua ulivyowalea kuku wale, na najua mkeo Chebet aliwalilia. Halafu ukanitumia zile picha kwenye simu, kufuli baada ya kufuli, ukauliza, "Mama, ninunue gani?" Nikavaa miwani nikaziangalia zote, na mengine yanang'aa hata nikafikiri unanionyesha mapambo ya masikio.

Nitakujibu, lakini usinikimbize. Makufuli nayajua. Nimekaa hapa Kapseret tangu nilipoolewa, na katika miaka hiyo tumeibiwa kuku, tumeibiwa pampu ya maji, tumeibiwa hata sufuria iliyokuwa na githeri ndani, na huyo wa githeri nilimsamehe. Kwa hivyo habari ya chuma nitakueleza vizuri. Ila kwanza nataka nikusimulie jambo ambalo baba yako hakupenda lisimuliwe akiwa hai. Sasa amepumzika, na nadhani hatanikasirikia, maana namna alivyolimaliza ilimpa heshima kuliko alivyolianza.

Wakati huo kaka yako Kimutai alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi nilikuwa mgeni hapa, nimetoka upande wa Kakamega, Kinandi changu kilikuwa cha kuchekesha watu, na kila kitu cha boma hili nilikuwa nakijifunza upya. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu wa gredi, wale wa maziwa mengi, jina lake Sukari. Alikuwa na mimba. Nyanya yako, huyo mliyemwita Kogo, mama yake baba yako, aliniita siku moja tukiwa tunachambua mboga akaniambia, "Mama Kimutai, Sukari akizaa ndama wa kike, huyo ni wako. Si wa bwana yako. Ni wako wewe."

Huwezi kujua neno hilo lilinifanya nini. Sikuwa na kitu changu hapa isipokuwa nguo zangu na mtoto. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimkatia Sukari nyasi huku nikihesabu maziwa ambayo hayajakamuliwa ya ndama ambaye hajazaliwa. Nilishampa jina kichwani. Sitakutajia, utanicheka.

Sasa katika kipindi hicho wezi wa ng'ombe walipita kwa jirani yetu, Mzee Koech. Walikuja na mkasi mkubwa wa kukata chuma, wakakata kufuli kama mtu anavyokata ukucha, wakaondoka na ng'ombe wawili. Baba yako aliposikia hakula siku hiyo. Alikuwa anafanya kazi mjini Eldoret, kwenye stoo ya mahindi, anatoka asubuhi kwa baiskeli na kurudi jioni, na kutwa nzima alikuwa akifikiria banda lake likiwa na lile kufuli dogo la rangi ya dhahabu ambalo hata mtoto angelifungua kwa msumari. Jumamosi akanichukua tukaenda mjini kutafuta kufuli la kweli.

Tuliingia dukani kwa Mzee Hussein, Msomali mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina aliyekuwa akiuza vyuma karibu na soko. Baba yako akamwambia, "Mzee, nipe kufuli ambayo mwizi akiiona anarudi kwao." Mzee Hussein hakuonyesha yale yaliyokuwa yamepangwa mbele. Aliinama chini ya kaunta akatoa kitu cheusi, kizito, kisichovutia hata kidogo, akakiweka mbele yetu kikafanya kishindo.

"Hii haing'ai," akasema. "Kung'aa ni ya kabati. Shika hapa juu. Unaona hiki chuma kilichopinda ni kinene? Na angalia, ni kifupi. Ikifungwa hakuna nafasi ya kuingiza mkasi wala mtaimbo. Leta msumeno ujaribu, utaharibu msumeno."

Baba yako akalipima kwa mkono, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena. Nilimwona ameshapenda. Mzee Hussein akatoa funguo tatu zilizofungwa kwa waya akazitenganisha moja moja juu ya kaunta. Ya kwanza akaisukuma upande wa baba yako. Ya pili akaisukuma upande wangu. Ya tatu akaishika juu akasema, "Hii mtaficha mahali mnajua nyinyi wawili."

Nilinyoosha mkono kuchukua yangu. Baba yako alinitangulia. Alizichukua zote, akazitia kwenye pete moja, na ile pete akaifunga kwenye mshipi wake. Mzee Hussein alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akaanza kumhudumia mteja mwingine. Mimi nililibeba kufuli, na njia nzima lilikuwa linanigonga pajani.

Nilipomuuliza nyumbani, alinijibu bila ukali. Baba yako hakuwa mkali, unamjua. "Mama Kimutai, funguo zikizunguka huku na huku, kesho ziko kwa fundi zinachongwa zingine. Unaenda mtoni unaangusha. Unaacha kwa meza mtu anapita nayo. Zikikaa kwangu, najua ziko wapi." Nikasema, "Na nikihitaji kuingia?" Akasema, "Utaingilia nini? Nyasi unarusha kwa dirisha, maji unamimina kwa mfereji. Mimi nitamsafishia nikirudi." Na kweli, Sukari alikuwa amekaushwa maziwa akingojea kuzaa, kazi ya ndani ilikuwa ndogo. Kwa hesabu yake hakukuwa na tatizo. Kwa hesabu yangu nilijisikia kama mfanyakazi ambaye hajamaliza mwezi wa majaribio, na iliniuma, lakini nilinyamaza. Wakati huo nilikuwa hodari wa kunyamaza. Sasa nimeacha kazi hiyo.

Akalifunga kufuli kwenye mlango. Mwanangu, lilipendeza. Mlango wenyewe aliuimarisha kwa mbao mpya, ile pete ya chuma ya kupitishia kufuli aliipeleka kwa fundi ikachomelewa kwenye bamba lililoshikwa kwa bolti kutoka upande wa pili. Majirani walikuja kuangalia. Mzee Koech alilivuta, akalitikisa, akasema laiti angelijua mapema. Baba yako alitembea siku hizo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Basi siku moja ya wiki, jua likiwa bado halijafika utosini, nilimsikia Sukari akilia sauti ambayo sikuijua. Nikachungulia dirishani, lile tundu dogo la kupitishia nyasi ambalo mtu hawezi kupita. Alikuwa amelala chini, tumbo linapanda na kushuka, na nyuma yake nikaona ukwato mmoja umetoka. Mmoja tu. Hata mimi mgeni nilijua kwamba ndama hutanguliza miguu miwili na pua katikati. Nilikimbia kwa Kogo na mtoto mgongoni.

Kogo alikuja upesi, akachungulia, akasema, "Mguu mmoja umekunjika ndani. Nikiingiza mkono saa hii naunyoosha, anatoka. Tukichelewa atachoka, na ndama atakosa hewa. Fungua mlango."

Nikamwambia funguo ziko kwa Baba Kimutai. Akaniuliza, "Zote?" Nikasema zote. Akautikisa mlango mara moja, kisha akamwita Mzee Koech.

Simu za mkononi hazikuwa zimetufikia wakati huo. Mzee Koech alipanda baiskeli yake akakanyaga hadi mjini, na tulipokuwa tunamngoja, wanaume wawili waliokuwa wakipita barabarani waliingia kusaidia. Mmoja alikuwa na msumeno wa kukata chuma. Akakata, akakata, jasho likamtoka, na alipoinua msumeno tukaona meno yake yamelala, na kwenye kufuli kuna mkwaruzo tu kama wa paka. Wa pili akaleta nyundo. Kila alipolipiga lilikuwa likiruka na kurudi mahali pake. Mzee Hussein hakutudanganya hata kwa neno moja. Nilisimama pale nikilichukia lile kufuli kwa moyo wangu wote kwa sababu lilikuwa zuri.

Mzee Koech alirudi peke yake, amelowa jasho. Baba yako hakuwa stoo. Alikuwa ametumwa aende na lori Moiben kuchukua mahindi, na mshipi wake na funguo zake vilikuwa kiunoni mwake huko Moiben.

Ndani, Sukari alikuwa ameacha kulia. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilipiga ule mlango kwa mikono yangu hadi Kogo akanishika mabega akanisogeza. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu kati yetu aliyekuwa amelifikiria, sote macho yakiwa yamekwama kwenye kufuli. Alizunguka nyuma ya banda.

Ukuta wa nyuma ulikuwa wa zile mbao za pembeni, za bei ya chini, zenye magamba ya mti bado. Baba yako alikuwa ameupigilia misumari mwaka aliojenga na hakuutazama tena. Kogo akaingiza panga kati ya mbao mbili, akasukuma kwa kiuno chake, na msumari ukatoka bila kelele, umeoza kwa kutu. Ubao wa pili ukatoka kwa mkono mtupu. Kabla muda wa kuchemsha chai haujaisha, mwanya ulikuwa wa kutosha mtu kupita. Yule bwana wa nyundo alisimama na nyundo yake akiona haya.

Tuliingia. Kogo alikunja mikono ya nguo, akalala ubavu kwenye samadi, akafanya kazi yake kimya huku akimsemesha Sukari kwa Kinandi. Aliunyoosha mguu. Alimtoa ndama. Akamsafisha pua, akampuliza, akamsugua kwa nyasi, akamning'iniza kichwa chini, akamsugua tena. Mimi nilipiga magoti kando nikishika sikio lake dogo lenye maji.

Alikuwa wa kike. Hakupumua.

Sukari alipona. Alisimama jioni ile, akanywa maji, na baadaye alitupa ndama wengine, na ada ya shule ya Kimutai na yako imetoka kwenye uzao huo. Lakini yule wa kwanza alikuwa wangu, na nililia kama mtu aliyefiwa, na sioni aibu kukuambia hivyo nikiwa mzee.

Baba yako alifika jua likiwa linaelekea kuzama. Hakukutana na mtu stoo wala njiani wa kumpa habari. Aliona watu hawapo uani, akaona mlango wa banda umefungwa sawasawa na kufuli limekaa mahali pake, na nadhani alifurahi. Sisi tulikuwa ndani bado, mimi, Kogo na mtoto, tunamlinda Sukari. Tulisikia pete ya funguo ikilia. Tukasikia kufuli likifunguka, taratibu, safi, kama limepakwa mafuta. Mlango ukafunguka, na baba yako akatukuta tumeketi ndani ya banda alilolifunga mwenyewe.

Sijawahi kuona uso wa namna ile. Alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akaona ndama amefunikwa gunia, akaona mwanga unaingia kutoka ukuta wa nyuma. Kufuli bado alikuwa amelishika mkononi.

Kogo hakuinuka. Alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyotumia kuomba chumvi, "Mwizi angepita hapa tulipopita sisi. Kwa hivyo hii kufuli hukumfungia mwizi. Hebu niambie, ulikuwa unamfungia nani?"

Baba yako alinitazama. Kogo akaendelea, "Huyu umemleta kutoka kwao, amekuzalia mtoto, anakupikia chakula unakula bila kuonja kwanza. Lakini ufunguo wa ng'ombe, hapana. Leo alikuwa mlangoni tangu asubuhi. Angekuwa na ufunguo, ndama angekuwa ananyonya." Kisha akainuka, akajifuta mikono, akaenda kwake.

Baba yako hakusema pole. Nilingoja neno hilo, na usiku huo halikuja. Alimzika ndama nyuma ya migomba akaenda kulala. Asubuhi niliamka nikamkuta ameshaondoka, na kwenye meza ya jikoni, juu ya kifuniko cha chupa ya chai ambapo nisingeweza kumimina bila kuuona, palikuwa na ufunguo. Alikuwa ameufunga kwa kipande cha kitambaa cha shati lake la bluu, lile la kwendea kanisani, ili usichanganyike na mwingine. Shati lile alilikata pindo ili kupata kitambaa kile, na alilivaa hivyo hivyo kwa muda mrefu, na watu wakidhani mimi ni mke asiyejua kushona.

Jumamosi iliyofuata alinunua mbao nzima akabomoa ukuta wa nyuma na kuujenga upya. Na kuanzia siku hiyo hadi alipotutoka, hakuna kitu kilichofungwa katika boma hili ambacho mimi sikuwa na ufunguo wake.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikujibu swali lako.

Zile picha ulizonitumia, achana na yote yanayong'aa. Lile jeusi la mwisho ndilo lenye sura ya kazi. Lakini usilinunue kwenye simu. Nenda mjini ulishike. Liwe zito. Kile chuma kilichopinda juu kiwe kinene kuliko kidole chako, na kiwe kifupi, likifungwa ushindwe kupitisha hata kidole. Lifunge na ulifungue kwa kila ufunguo hapo hapo dukani, kwa sababu kuna mengine huja na ufunguo mmoja unaokubali na mwingine unaokataa. Uliza kama linastahimili mvua, maana banda lako halina baraza, na ulitie mafuta kidogo kila msimu wa mvua unapoanza. Pete ya kupitishia kufuli isiwe ya kupigiliwa misumari. Ishikwe na bolti zinazotokea ndani, na nati zikazwe huko ndani mwizi asizifikie.

Ukimaliza yote hayo, zunguka nyuma. Simama pale mwizi atakaposimama, uangalie banda lako kwa macho yake. Naujua ukuta wako wa nyuma, nimeuona. Ni waya wa kuku na mbao za pembeni, sawa na wa baba yako, na wewe hukuwahi kuambiwa habari hii kwa hivyo sikulaumu. Rekebisha huo kwanza, hata kama itabidi kufuli lingoje mwisho wa mwezi.

Na funguo. Uliniambia kwenye simu, tena kwa sauti ya kujisifu, kwamba safari hii funguo zote zitakaa kwako, kwenye pete ya ufunguo wa pikipiki. Nilinyamaza ili nipate nafasi ya kukueleza vizuri. Wewe unashinda Eldoret na pikipiki, unabeba watu hadi usiku. Chebet ndiye anayebaki na hao vifaranga ambao wezi waliwaacha. Umeme ukipotea, na kwenu Yamumbi unapotea kila mara, nani ataingiza jiko la makaa vifaranga wasife kwa baridi? Atawapulizia joto kupitia tundu la ufunguo? Mke wako si mgeni wa banda hilo. Kama humwamini na ufunguo, basi shida uliyo nayo haiuzwi dawa yake kwenye duka la vyuma, na uje tuzungumze hiyo. Lakini nadhani unamwamini. Nadhani hukufikiria tu, kama baba yako.

Ufunguo wangu ninao mpaka leo. Kufuli lenyewe lilishakufa, na kitambaa kimepauka hata huwezi kujua kilikuwa bluu. Watu wakiniuliza baba yako aliniachia nini, huwa nawatajia shamba. Moyoni huwa nafikiria kitambaa kile.

Jumapili mje wote wawili, nitachinja kuku, kama bado kuna mtu aliyebakiwa na kuku katika ukoo huu. Nikishamsalimia Chebet nitanyoosha mkono nimwambie anionyeshe ufunguo wake. Asiutafute kwako. Autoe kwake.

Mungu akuzidishie kuku na awape wezi wako kazi nyingine. Akupe afya ya kurudi nyumbani kila jioni, na siku utakayochelewa, awepo ndani mtu mwenye ufunguo wa kukufungulia. Nimekubariki, wewe na Chebet, na vyote mlivyofungia pamoja.